Anaanza wa Mkiani

Siku baba yangu alipoziba mlango wake wa maji kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa Jumanne, ilikuwa zamu yetu, na mwenyekiti wa mfereji nilikuwa mimi. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, mzee wa miaka themanini na ushee, anashindilia maganda ya mgomba na udongo kwenye mdomo wa mtaro unaoingia shambani kwetu. Maji yalikuwa yanampita, yanaenda zake chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa.

"Baba, leo si zamu yetu?"

"Ni zamu yetu. Simu yako imesema."

"Sasa mbona unaziba?"

"Kwa sababu sijui haya maji nimeyapataje."

Niseme mapema kwamba mimi nina hasira za karibu. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini na bado sijajifunza kuhesabu moja mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Pale pale mtaroni nilianza kumwaga maneno, lakini kabla sijafika kwenye maneno hayo, lazima nieleze mfereji wetu na namna tunavyokaa nao.

Nyumbani ni juu kidogo ya Nkoaranga, kwenye mteremko ambao mgeni akiushuka wakati wa mvua atakaa chini atake asitake. Kila familia ina kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Siku hizi wengi wameng'oa kahawa wakapanda parachichi. Mfereji wetu unaanzia kwenye banio, pale mtoni karibu na msitu ambapo maji yanakingwa kwa mawe na magogo, unapita nyumba kwa nyumba, unaishia huko chini ambako migomba inakoma na ardhi inakuwa kavu na tambarare. Wanaokaa karibu na banio tunawaita wa juu. Wanaokaa mwisho tunawaita wa mkiani.

Zamani za ukoloni, maji hayo yaligawiwa na mtu mmoja. Aliwekwa na mkubwa ambaye naye aliwekwa na bwana shauri, basi kwa ukoo wa namna hiyo hakuwa na haja ya kumsikiliza yeyote aliye chini yake. Baba husema mtu huyo alikuwa na kiti chake kilichobebwa mpaka bondeni, yeye anakaa na wengine wanasimama. Nchi ilipopata Uhuru, babu yangu na wenzake walikaa, wote chini kwenye nyasi, wakatunga sheria za mfereji. Nyingine zimesahaulika. Moja haijaguswa mpaka leo: kwenye kikao anaanza kusema wa mkiani. Akimaliza yeye anafuata wa juu yake, hivyo hivyo mpaka banioni, na mwenyekiti anasema mwisho. Babu alisema ukimpa nafasi wa juu aanze, mpaka ifike zamu ya wa mkiani maneno yatakuwa yameisha, sawa na maji.

Sheria hiyo naijua tangu nikiwa naenda vikaoni nimebebwa mgongoni. Na kazi yangu ya maisha ilikuwa kufundisha mambo hayo hayo. Nilifundisha Historia na Uraia katika shule moja ya msingi huko Sakina, darasa likiwa karibu na barabara ya Nairobi kiasi kwamba nilizoea kunyamaza katikati ya sentensi ili basi lipite, kisha namalizia. Nikiuliza kwa nini wananchi walidai Uhuru, darasa zima lilijibu kwa sauti moja: walitaka kujitawala, walitaka usawa, walitaka kuchagua viongozi wao na kuwaondoa. Aliyesahau hilo la kuwaondoa nilimkata alama moja. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa kali.

Nilipostaafu nikarudi nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshafariki, mama pia, na baba alibaki peke yake na ng'ombe mmoja. Baba akanigawia sehemu ya kihamba mbele ya ukoo mzima, mimi mtoto wa kike, na waliokunja uso akawaacha waukunje. Mwaka uliofuata nikachaguliwa mwenyekiti wa mfereji, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Sisi hupiga kura kwa punje. Kila mwenye kihamba anapewa punje ya mahindi na punje ya haragwe. Mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unaingia nyuma ya turubai, unadondosha punje moja kwenye kibuyu, unatoka na nyingine kiganjani, na hakuna wa kukuuliza umedondosha ipi. Kura ni siri. Lakini siku ile nilipochaguliwa, baba alinipitia karibu, akafungua kiganja chake kidogo tu, nikaona haragwe limebaki. Mahindi yake yalikuwa kibuyuni. Nilitembea wiki nzima shingo iko juu.

Sasa, mwalimu akipewa madaraka lazima alete mabadiliko, la sivyo hapati usingizi. Mabadiliko yangu yalikuwa grupu la mfereji kwenye simu. Kabla ya hapo, tangazo la kikao lilisomwa kanisani kwetu Jumapili, baada ya ibada, pale nje watu wanapokuwa kwenye mnada wa sadaka za ndizi na mayai. Karibu wote sisi ni Walutheri, kwa hiyo tangazo liliwafika wote isipokuwa nyumba moja, ile ya mkiani kabisa. Hao ni Waarusha waliohamia kutoka upande wa magharibi wa mlima, tena ni Wakatoliki, wanasali kwingine. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu ateremke kwa miguu kuwaambia. Na mtu huyo, tangu alipoachia uenyekiti miaka mingi nyuma, alikuwa baba yangu. Alishika fimbo yake ya mti mgumu, akashuka polepole, akawaambia, akauliza wanasemaje, akapanda na majibu yao. Ilimchukua asubuhi nzima.

"Baba, pumzika," nikamwambia. "Magoti yako yameshatumika vya kutosha. Siku hizi kuna simu."

Aliniangalia, hakubisha. Akaitundika fimbo kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nyumba ya mkiani ilikuwa na simu ya kitochi, ile ya kupigia na kumulikia tu, isiyoingia kwenye grupu lolote. Nilijua. Sitaandika hapa kwamba sikujua. Nilijiambia jirani atawaambia, na jirani naye bila shaka alijiambia vivyo hivyo.

Kisha mvua za mwaka ule zikachelewa. Mfereji ukapungua, na miche ya parachichi huko juu ikaanza kukunja majani. Jirani yetu mmoja wa banioni, mwenye parachichi nyingi kuliko sote na mdomo wa kuzitetea, akaandika kwenye grupu: maji ya Jumanne yanayopelekwa mkiani yanazama mchangani kabla hayajafika, ni hasara tupu, basi mkiani wapate mara moja kwa wiki mbili, na ile Jumanne nyingine izunguke kwetu sisi wa juu na wa kati. Nikaomba wanaokubali waweke dole gumba. Madole yakaanza kumiminika. Mtu alikuwa jikoni anakoroga uji, akaweka dole. Mtu alikuwa mjini anasubiri gari, akaweka dole. Jioni nikahesabu, nikaandika kwa herufi kubwa: WENGI WAMEKUBALI. UAMUZI UMEPITA. Nikaweka na picha ya ua. Nilijiona nimeufikisha mfereji wa babu kwenye karne hii.

Hivyo ndivyo Jumanne ile ilivyokuwa zamu yetu, na hivyo ndivyo nilivyomkuta baba kwenye tope.

"Wa mkiani wamesemaje?" akaniuliza, sasa akiwa amesimama, mikono yake inachuruzika matope.

"Hawakusema kitu."

"Waliulizwa?"

"Baba, wengi walikubali. Ndiyo demokrasia hiyo."

"Sijakuuliza wengi. Nimekuuliza, waliulizwa?"

Hapo ndipo nikamwaga maneno. Nilimwambia ananiaibisha, kwamba nimepanga zamu za watu wote halafu baba yangu mzazi ndiye wa kwanza kuzikataa, kwamba watu watasema mwalimu kashindwa kumtawala hata mzee wake. Nilisema "kumtawala". Nalikumbuka neno hilo kwa sababu baba alilirudia taratibu, kama mtu anayeonja mboga, kisha akaniambia nikae kwenye jiwe.

Nikakaa. Ukiwa na miaka sitini baba yako akikuambia kaa, unakaa.

Akaanza habari za Ngarenanyuki. Nikashusha pumzi, maana habari hizo kila mtoto wa Kimeru anazo. Upande ule wa kaskazini wa mlima ndiko babu alikokuwa na nyumba na ng'ombe. Serikali ya kikoloni iliamua ardhi ile iwe ya walowezi, nyumba zikachomwa, watu wakapakiwa kwenye malori wakahamishwa. Watu wetu hawakupigana kwa mishale. Walikaa vikao, wakachagua mmoja wao, wakachangishana, wakamtuma ng'ambo akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi siku ile, lakini nchi nzima ilisikia kwamba wakulima wa mlimani wameuliza swali mbele ya dunia. Nimefundisha hayo kwa ubao na chaki, na kila mara nilipofika pale kwenye swali sauti yangu ilipanda yenyewe.

Lakini siku ile baba alinipa kipande ambacho hakuwahi kunipa.

"Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama," akasema. "Kabla ya malori walikuja kutusomea karatasi. Mzungu mmoja na mkalimani wake. Mzungu alikuwa mtu wa adabu, alivua kofia. Walipomaliza kusoma, babu yako akanyoosha mkono. Akauliza: hicho kikao kilikaa lini, na sisi tulikuwa wapi?"

"Wakamjibuje?"

"Wakamwambia kikao kilikuwa halali. Kilikuwa na mwenyekiti. Wengi walikubali."

Maji yakaendelea kupita mbele yetu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Maharage ya mama yangu yalikuwa kwenye maua," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa naliangalia mimi, nilikuwa mtoto. Watu wanadhani tulidai Uhuru kwa sababu ya rangi ya yule bwana. Tulichokataa ni kukaa nyumbani kwetu tukisubiri kusomewa."

Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma nikiliandika. Alisema atakufa siku si nyingi, akilisema kwa utulivu wa mtu anayezungumzia mvua. Alisema hataki afe akiwa na maji tumboni ya mtu ambaye hakuulizwa. "Na zaidi sana," akasema, "sitaki aliyenipa awe mwanangu."

Nikainuka. Akaniambia nichukue fimbo nyuma ya mlango, njia ni mbaya. Nikamwambia siihitaji. Nilianguka mara mbili kabla sijafika kwa wa mkiani.

Nilikuwa sijashuka huko tangu nichaguliwe. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa mtaro wao. Ulikuwa mkavu, maana maji aliyoyaachia baba yalikuwa bado njiani, lakini umefagiwa. Hapakuwa na jani wala kijiti. Mwenye nyumba, mama wa umri wangu, alikuwa ameinama kwenye maharage yake, na maharage yalikuwa kwenye maua, maua yenyewe yamelegea.

Nikamsalimia kwa Kimaa changu cha kubabaisha, lugha ya kwao. "Takwenya."

"Iko," akaitikia, akacheka matamshi yangu, akanyooka. "Karibu, Mwalimu. Huko juu mfereji umebomoka?"

"Haujabomoka, yeyo," nikasema, yaani mama.

"Mimi nimepanda mara tatu natafuta mahali palipobomoka. Nikasema labda majani yamekaba, nikafagia."

"Si ungeuliza?"

"Ningemuuliza nani? Mzee haji tena. Nikasema huyu mzee anaumwa. Akipona atakuja."

Nikamwambia mzee ni mzima. Nikamwambia tulikaa kikao. Akauliza tulikaa lini, na hakukusudia kunifanyia mzaha, lakini lilikuwa swali lile lile la babu. Nikasema tulikaa kwenye simu. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kile kitochi, akakiangalia mbele na nyuma.

"Hii haikuniambia," akasema.

Kama kuna mahali nimeona aibu maishani ni hapo. Nimewahi kuanguka mbele ya mkaguzi wa shule, nimewahi kusahau jina la bwana harusi nikiwa mshereheshaji. Hayo yote yalikuwa mchezo. Nilimwambia Jumamosi tunakaa tena, pale penye mashine ya zamani ya kukoboa kahawa, na kwamba yeye ndiye ataanza kusema.

"Mimi? Sisi ni watu wa kuja, Mwalimu. Nitasema nini?"

"Utasema unachokiona ukiwa huku."

Nilipoaga, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mpelekee mzee," akasema. "Nilikuwa nimemwekea." Nikapanda nacho mlima mzima, na kwa bahati nzuri sikuanguka.

Siku zilizofuata nilipita nyumba kwa nyumba kwa miguu kutangaza kikao. Wengine waliniuliza kulikoni, grupu limefungwa? Nikasema halijafungwa, ila mimi nimefunguka macho. Jirani wa parachichi akanisindikiza hadi njiani akinisihi nisichokoe jambo lililokwisha. Nikamwambia aje aseme hayo hayo mbele ya wote. Akasema atakuja, na kweli alikuja.

Jumamosi tulikaa kwenye nyasi, kama walivyokaa wale wa kwanza. Mama wa mkiani alikuja amevaa kanga zake nzuri na shanga za shingoni, akaketi pembeni. Nilipofungua kikao nikasema tu, "Anaanza wa mkiani," na watu wote wakageuka kumtazama. Alisimama taratibu.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Mimi nakaa mwisho. Maji yakifika kwangu, najua ninyi wote mmepata. Yasipofika, sijui kama mko wazima. Kila mwaka mkiita watu kuchimba mfereji, nakuja na jembe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo ni jembe la mgeni, rudi nalo. Basi. Ndiyo ninachokiona kutoka kule."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu kwenye kikao cha mfereji hatupigi makofi, lakini niliona wanaume wawili watatu wakichora chini kwa vijiti.

Maneno yakapanda nyumba kwa nyumba. Yalipofika banioni, jirani wa parachichi akasimama. Alisema amesikia na imemwingia, lakini miche yake inakauka, na yeye ana haki ya kusema inakauka. Nilimheshimu kwa hilo. Ni rahisi kusema huruma mbele za watu kisha ukafanya yako gizani. Yeye alisema lake mchana kweupe.

Nikasema mimi mwisho. Nilisema kosa ni langu, nikalitaja lote, pamoja na kitochi na madole gumba. Tukapendekeza kila nyumba, kuanzia banioni mpaka mkiani, ipunguziwe zamu yake kwa kipimo kimoja mpaka mvua inyeshe, na Jumanne irudi mkiani. Kibuyu kikapita. Mahindi yakamwagika kwenye ungo, na kati yake maharage machache tu. Jirani wa parachichi akayatazama maharage yale, akasema "Sawa, nimeshindwa," na kesho yake baada ya ibada alikuwa wa kwanza kushuka na jembe kwenda kuongeza kina cha mtaro wa mkiani.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kukunja daftari baba aliponyoosha mkono.

"Bado kuna jambo," akasema. "Kati ya sheria tulizosahau, moja inasema mwenyekiti akimkatia mtu maji bila kumuuliza, anarudishwa kwenye kibuyu."

Nikalifungua daftari tena. Mtu mmoja akasema, "Lakini mzee, Mwalimu amekiri."

"Amekiri, na nimefurahi," baba akasema. "Sheria haisemi akikiri asirudishwe."

Basi turubai likarudi, punje zikagawiwa, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja kuamua kama niendelee au nitoke. Mimi pia niliingia, nina kihamba. Sitasema nilidondosha nini. Baba aliingia kwa fimbo, akatoka, na alipofika mbele yangu akafungua kiganja chake wazi kabisa, kila mtu akaona. Ilibaki punje ya mahindi. Haragwe lake lilikuwa kibuyuni.

Makamu wangu akamwaga punje kwenye ungo. Maharage yalikuwa mengi kuliko mahindi, tena si kwa kubahatisha.

Niliumia, nisidanganye. Macho yaliniuma na nikasingizia vumbi. Kisha nikainua uso nikawatazama wale watu, wakulima wenye matope kwenye vidole, wajukuu wa watu waliosomewa karatasi. Walikuwa wamemwondoa kiongozi wao kabla ya chakula cha mchana, bila jiwe wala tusi, na sasa walikuwa wanapanga foleni kunipa mkono. "Pole, Mwalimu." "Hongera, Mwalimu." Walisema yote mawili, na walimaanisha yote mawili. Miaka thelathini nilikuwa nawakata watoto alama kwa kusahau hilo la kuwaondoa, na sikuwahi kuliona kwa macho likifanyika. Sasa nililiona, na nililiona likifanyika kwangu. Nilijivuna. Niliwajivunia wao, nikamjivunia babu ambaye sikumjua, na zaidi ya wote yule mzee wangu mkaidi aliyesimama pale na punje yake mkononi.

Makamu akachukua daftari. Alipotaka kufunga kikao, baba akanyoosha mkono tena, watu wakacheka kwa hofu.

"Kuna nafasi moja iko wazi," akasema. "Mtu wa kwenda mkiani. Mimi nimeambiwa magoti yangu yameshatumika vya kutosha."

Akaiinua ile fimbo. Hakunitazama. Watu wakatazamana, njia ile kila mtu anaijua. Nikanyoosha mkono.

Hatukurudia kibuyu, kazi ya miguu hupigiwa kura ya mikono. Mikono ikapanda. Wa juu wakanyoosha, wa kati wakanyoosha, mama wa mkiani akanyoosha wa kwake na shanga zikalia. Baba alinyoosha mkono ule ule uliokuwa bado umeshika punje ya mahindi.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Hajafa. Amebaki kukaa mlangoni na kutukosoa. Grupu bado lipo, linafaa kwa misiba na harusi. Lakini kabla ya kila kikao nachukua fimbo, nashuka, napewa maziwa, nauliza mnasemaje, nasubiri mpaka wajibu. Nikirudi, sijavua hata viatu, baba ananiuliza, "Wamesemaje?" nami namweleza neno kwa neno.

Wiki iliyopita wa juu walikuwa na pendekezo jipya kuhusu zamu. Nilishuka nalo, nikapanda na jibu.

"Wamesemaje?" baba akauliza.

"Wamesema hapana."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanisukumia fimbo, akaniambia nisikae, niende juu nikawaambie.